Ubao wa Jikoni

11 Januari

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na kama kuna ugonjwa basi ni wa kukosa barua yako. Binti yangu, ambaye ni wako pia, amerudi shule ya bweni juzi. Sanduku lake safari hii limebebwa na watu wawili, na sijui amejaza nini, nadhani ni viatu. Mguu wa shemeji umepona? Mara ya mwisho uliniambia unamsumbua akipanda ngazi. Kazi ipo. Nimemaliza ukuta wa duka la vipuri, herufi za nusu mita, nyekundu zenye kivuli cheusi, na mwenye duka alisimama katikati ya barabara akizitazama mpaka pikipiki ikampigia honi. Siku hiyo nilikula kwa raha.

Sasa neno lenyewe. Ni mke wangu.

Unajua tumekaa miaka kumi na sita bila kugombana. Nyumba ya jirani wanarushiana sufuria, na mimi hujisemea kimoyomoyo kwamba hao wamemaliza maneno yao mapema, kama alivyokuwa akisema Baba. Ule ubao wa Baba ulionipa siku ya harusi bado umetundikwa jikoni, kando ya mlango. Mke wangu anaandika kinachohitajika, mimi nasoma asubuhi nikitoka, jioni narudi nacho. Sijawahi kusahau hata kiberiti.

Lakini tangu Septemba hivi mwandiko wake umeharibika. Alikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka, na ndio ulionivutia kwanza, kwa sababu nilimkuta akiandika stakabadhi kwa muuza mbao. Sasa anaandika kwa herufi kubwa kama za mabango yangu, zinateremka mlima, na neno linaishia nje ya ubao. Juzi aliandika SABUNI, ile NI ikaangukia ukutani. Nimeusugua ukuta mwenyewe. Mwezi uliopita amevunja vikombe vitatu. Nikiingia ndani hageuki mpaka nimfikie karibu.

Mimi najua herufi, kaka, ndizo zinazonilisha, na hizi si herufi za mtu aliyetulia. Ana jambo na mimi. Nimelitafuta kosa langu sijaliona. Nimuulize, au niache?

Mdogo wako,
Brashi


2 Februari

Brashi,

Marahaba. Barua yako imekaa siku nane kwenye lori la saruji na inanuka dizeli, lakini imefika. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha mizani. Tangu asubuhi nimepima malori thelathini na moja, na madereva thelathini na moja wameniapia kwamba mizani ndiyo mbovu, wao hawajazidisha hata mfuko mmoja. Shemeji yako mzima, mguu umepona, anakusalimu sana.

Umeniuliza mimi, lakini anayekujibu ni Baba. Usimuulize.

Unakumbuka alivyotuita wote wawili, mimi nikiwa na mchumba na wewe hata ndevu hujaota. Akatuambia kwamba mume na mke hupewa maneno yao siku ya ndoa, yakiwa yamehesabiwa. Wanaoyatumia ovyo huyamaliza kabla ya uzee, wakabaki na matusi. Yeye na Mama waliishi miaka thelathini na minne na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti zao. Wazazi wa mtaa mzima walikuwa wakiwaambia mabinti zao, nendeni mkaone nyumba yenye amani. Tulikulia humo, na ndoa zetu zimesimama hapo.

Mwanamke akiandika kwa herufi kubwa, hizo ni kelele za mkono. Anataka umwendee, umuulize ana nini. Ukimuuliza leo utamuuliza na kesho, na kabla ya mwaka kwisha mtakuwa mnarushiana sufuria. Kaa kimya. Akiona huchokozeki atachoka, na herufi zitarudi kuwa ndogo. Hata mimi yalinikuta. Nikakaza roho, yakapita.

Samahani kwa hili doa. Ni chai ya kantini, siku hizi nakunywa huku huku.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Asante kwa barua yako, nimeisoma mara mbili. Binti yako ameandika, anadai amekuwa wa tatu darasani na anadai pia kwamba viatu vimembana, kwa hiyo habari njema haikuja peke yake. Barua ilikuwa ya mama yake. Nilimpa, akaitia mfukoni mwa gauni bila kuifungua. Jioni niliikuta mezani, bado imefungwa, ndiyo maana nikaisoma mimi. Nilichukia kidogo. Mtoto amekosa nini?

Nimefuata maneno yako. Sikuuliza. Ila nilifanya jambo moja, nadhani utalipenda. Nilichukua rula na rangi nyeupe ya mafuta nikapiga mistari minane kwenye ubao, sentimita nne kati ya mmoja na mwingine, imenyooka. Nikaona ni ujumbe tosha, na sikutumia neno hata moja. Asubuhi yake nilimwona kupitia mlangoni akiipapasa mistari ile kwa vidole, mmoja mmoja, kutoka juu mpaka chini. Alisimama pale muda mrefu. Nilijua ameona aibu. Kisha akaandika, na herufi zikapita juu ya mistari yangu kama haipo.

Ameandika DAWA YA KICHWA tena. Hii ni mara ya tisa tangu mwaka uanze, na mara zote tisa nimemletea siku hiyo hiyo. Mwenye duka la dawa ananiita mteja wake.

Kuna jambo jingine. Jumapili tulikwenda kumwona dada yake, yule fundi wa kushona wa ng'ambo ya reli. Wakati wa kuvuka barabara akanishika mkono. Mwanzo nilidhani ni kwa sababu ya magari, lakini tulivuka na hakuniachia. Hajawahi kunishika mkono mbele za watu tangu tuoane. Vijana wa kinyozi walikuwa wanatutazama, na nilijua wananijua. Nikautoa polepole, nikajifanya natafuta leso. Alitembea nyuma yangu, karibu sana, mpaka tulipofika.

Nimekaa naliwaza hilo siku nzima. Siku ile jioni nilitaka kumuuliza. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, yeye akiwa ameelekeza uso dirishani. Maneno yakanifika hapa kooni. Nikakumbuka yamehesabiwa.

Mdogo wako


30 Machi

Brashi,

Marahaba. Sina nafasi ya kuandika mengi, mizani inakaguliwa wiki hii na wakaguzi wana njaa. Shemeji yako anakusalimu.

Hiyo mistari imenifurahisha. Baba angekupa mkono. La kushikana mikono nalo ulilifanya vizuri, kwa sababu mwanamke akianza maonyesho barabarani ujue nyumbani ameshindwa.

Ukisikia moyo unalegea, ikumbuke ile siku ya Mama. Wewe ulikuwa kambini kwenye mafunzo, mimi nilikuwepo. Ubaoni paliandikwa sabuni na limau. Baba alirudi jioni na sabuni na limau, akazipanga mezani kama kawaida yake, ndipo akaingia chumbani akamkuta ameshakata roho. Hata siku ile hakuna kilichopungua katika nyumba yake. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Kaka yako


14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Binti yuko nyumbani kwa likizo, ni mzima. Sijaandika miezi mitatu na sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nashindwa.

Mke wangu haoni.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nisipopanga sitamaliza. Binti alifika Jumatano asubuhi. Akakaa jikoni na mama yake, akavuta kigoda katikati ya chumba ili amenye viazi, akatoka kidogo kuchota maji. Mama yake akageuka kutoka kwenye jiko na sufuria mkononi, akakivaa kile kigoda mzima mzima. Nilikuwa nje nachanganya rangi nikasikia kishindo. Nilipoingia binti alikuwa amepiga magoti, amemshika mama yake mashavu, anapitisha kiganja mbele ya macho yake. Akaniangalia mimi. Akasema, "Baba, Mama haoni. Tangu lini haoni?"

Mtoto amekaa nyumbani saa mbili akajua. Mimi nimelala kitanda kimoja naye.

Alikuwa amehesabu hatua. Kutoka kitandani mpaka mlangoni saba, kutoka mlangoni mpaka kwenye ubao kumi na moja. Ndiyo maana hakuna aliyejua, vitu vyetu havihami. Kigoda ndicho kilichohama.

Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari wa macho, mwanamke mdogo tu, alimulika kila jicho, akaandika, akamulika tena. Akasema ni presha ya macho. Huanza kula pembeni na kuja katikati, taratibu, mpaka kunabaki kitundu cha kuchungulia, kisha kinazibika nacho. Akamuuliza kichwa kilianza kumuuma lini. Nikajibu mimi, Septemba, najua kwa sababu dawa nilikuwa nanunua mwenyewe. Daktari akaniuliza, kwa upole kabisa, kama katika muda wote huo niliwahi kumuuliza mwenzangu anaumwa nini. Nikatazama ukuta. Palikuwa na bango la kunawa mikono, herufi mbaya, nafasi hazilingani.

Alisema tungekuja wakati ule, matone ya asubuhi na jioni yangetosha kuyaokoa. Sasa yatatuliza maumivu tu. Kilichokwenda hakirudi.

Pale nje kwenye benchi nilimuuliza. Miaka kumi na sita, na hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza ambalo halikuhusu mambo ya sokoni. Nikamwambia, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Niliandika." Nikangoja aongeze. Akasema, "Niliandika kila wiki. Uliniletea vidonge, halafu ukanichorea mistari. Nikajua umesoma."

Kaka, niambie la kufanya. Safari hii usinijibu kama Baba.

Mdogo wako


3 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Ni wiki ya saba sasa na hujanijibu. Dereva ameniapia kwamba barua alikutia mkononi, ukaisoma mbele yake, ukamwambia lori lake limezidi uzito. Binti amerudi shule akilia, na hakuniaga mimi.

Nimejaribu. Asubuhi ya kwanza baada ya hospitali nilikaa naye jikoni niongee. Nikamwambia chumvi ipo. Nikamwambia mafuta yapo nusu chupa, na kiberiti kiko upande wa kushoto. Nikasikia kwamba ninasoma orodha. Nikatafuta kitu kingine cha kusema na sikukipata. Kesho yake nikamweleza ukuta ninaouchora, rangi gani na rangi gani, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Siku ya tatu nilinyamaza. Nilikuwa nimekaa pale pale mezani, mkono mmoja kutoka kwake, na yeye akaita jina langu kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliye nje. Nilishtuka nikakosa kuitika upesi. Akaita tena. Nilipojibu niliona uso wake umejaa hofu.

Jana dada yake alikuja na teksi. Mke wangu alikuwa ameshafunga nguo zake. Nilisimama mlangoni nikasema asiende. Nilisema kwa sauti, kaka, jirani wa sufuria walitoka nje kutazama, maana hawajawahi kunisikia. Akanijibu bila hasira. Alisema:

"Zamani ukinyamaza nilikuwa nakuona. Sasa ukinyamaza, nitajuaje kama upo?"

Nikamwambia tulikuwa tunaishi vizuri. Akasema, "Wewe uliridhika. Wote waliniambia nina bahati, nyumba haina kelele. Nikadhani kuridhika ndiko huko." Dada yake akamshika mkono wakateremka. Ngazi ya nje hakuihesabu, alihesabiwa.

Sikulaumu kwa mkono wangu nilioutoa mkononi mwake. Ule ni wangu. Lakini sitaki tena ushauri wako. Nataka kumsikia shemeji. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, anieleze mnaishije ninyi, anakwambia nini akiumwa, na wewe unajuaje. Kama nyumba yako inakwenda kwa ubao ule ule na yeye ana furaha, basi kosa ni langu peke yangu na nitalibeba. Ukurasa mmoja tu unatosha. Dereva atasubiri.

Brashi


28 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara nne, na dereva alisubiri mpaka akaondoka. Huyu ni mwingine.

Shemeji yako hawezi kukuandikia. Hayupo. Aliondoka miaka miwili iliyopita, mwezi wa tano, na yuko kwa mwanangu mkubwa. Mguu wake sijui kama ulipona. Salamu zote zile nilikuwa natunga mimi.

Unajua nilipokupa ubao wa Baba nilijitengenezea wangu kutoka ubao wa kabati lake. Siku ile nilitoka asubuhi nikasoma. Palikuwa na maneno haya: NIMEONDOKA. SUKARI IMEKWISHA. Nilifika kazini nikapima malori. Jioni nikapita dukani nikanunua sukari. Nikaiweka mezani nikakaa nikisubiri chai, na giza lilipoingia ndipo nikaelewa mstari wa kwanza. Niliusoma asubuhi, naapa niliusoma. Ila macho yangu yalikuwa yanatafuta cha kununua.

Nilipokwambia yalinikuta nikakaza roho yakapita, yaliyopita ni hayo. Nilikuwa nakushauri kutoka nyumba tupu. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka ibaki nyumba moja ya Baba iliyosimama, na kama ilikuwa yako ingenitosha. Yako ikisimama, basi yangu iliangushwa na mke wangu tu, si na mimi wala na Baba. Nimefanya vibaya, na mke wako ndiye aliyelipa kwa macho yake. Sina namna ya kulisema hilo likawa dogo.

Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu. Lile la Mama nililokuandikia kwa majivuno. Limau hazikuandikwa siku ile tu. Ziliandikwa mwezi mzima, kila siku limau, na Baba kila siku akaleta limau. Mama alikuwa akizinusa na kuzinyonya akiegemea ukuta nyuma ya nyumba, ameshika tumbo. Nilimwona. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mzima. Mpaka leo hatujui Mama aliumwa nini. Hakuna aliyemuuliza.

Ukipenda, uza vitu vyako uje tukae wote. Chumba kipo. Sitakuwa na la kukwambia, lakini chumba kipo.

Kaka yako


22 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Binti amenijibu barua moja kati ya tano. Mwenye duka la vipuri ameniita nirudie ukuta, jua limeila rangi.

Sitakuja. Tukikaa wote wawili nyumba moja tutatundika ubao mwingine kabla ya wiki kwisha, na wewe unajua. Nenda kwa mwanao, ukaulize mguu.

Ubao wa Baba nakurudishia kwa dereva huyu. Nimeufunga kwa magazeti na kamba, mwambie asiukalie. Utaona mistari yangu minane, imenyooka, rangi ile haitoki. Utaona na maandishi yake ya mwisho. Ni DAWA YA, na kichwa kimebaki ukutani kwangu. Safari hii sikuusugua.

Kila Jumapili navuka reli kwa dada yake. Wanamweka kwenye kiti karibu na cherehani, anachambua vifungo kwa vidole, vikubwa huku, vidogo kule. Anacheka na shemeji zangu, kaka. Sikujua kwamba anacheka kwa sauti. Jumapili iliyopita niliingia wakati wametoka, nikasimama. Akainua uso akauliza, "Nani?" Nikataka kusema ni mimi na sauti haikuja. Akauliza tena, vifungo vikamwanguka. Ndipo nikakohoa, akanijua kwa kikohozi.

Nilikaa mpaka jioni nikimwokotea vifungo. Nilipoinuka aliniuliza kama kuna neno nilitaka kumwambia, maana muda wote alinisikia nikivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza. Yapo, kaka. Baba hakutudanganya kwa hilo, yote niliyopewa siku ya ndoa bado ninayo, sijatumia hata nusu. Nilifungua mdomo nikamwambia vifungo vyeupe vimekwisha, nitamletea vingine.

Akasema, "Haya."

Mdogo wako